Mita Inayosoma Saba

Jumatatu, 3 Machi 2025. Matisi, Kitale.
Nimeitwa Bungoma. Daktari wa meno, Bi Nabwile, ana tangi la samaki kwenye chumba cha kusubiria, ili watoto wawatazame wasahau koleo. Anatafuta fundi wa kudumu wa kupima maji. Mpinzani wangu ni mmoja, Vivian Chepkemei. Tulisoma kozi moja. Yeye alimaliza.

Nimeitoa kwenye droo mita yangu ya pH, ile ya kuonyesha ukali wa maji. Ncha imekauka. Kijitabu kinasema ncha ikae kwenye dawa yake, na mita isahihishwe kabla ya kazi. Dawa niliimwaga zamani. Nilitaka kichupa chake nitilie mafuta ya nywele.

Jumanne, 4 Machi.
Nimeijaribu. Maji ya bomba: saba. Chai: saba. Ndimu: saba. Saba ndiyo katikati, maji yasiyo na ukali. Sijawahi kuona mita iliyotulia hivi. Ndimu za siku hizi hazina nguvu.

Jumatano, 5 Machi.
Bungoma. Tangi: saba. Nikamwambia daktari maji ni salama. Akauliza mbona samaki wanahemea juu. Nikasema wanasalimia wageni.

Vivian akaja na vichupa vitatu. Nusu saa nzima anasahihisha mita kabla hata ya kugusa tangi. Nilimhurumia. Yake ikasoma tano nukta nne. Akasema maji ni makali, yabadilishwe kidogo kidogo. Nikamweleza daktari kwamba mita ile ina wasiwasi kama mwenyewe. Nilisema kwa sauti kubwa, akaniamini.

Alhamisi, 6 Machi.
Simu asubuhi. Samaki mmoja amekufa, yule mwenye mkia mwekundu. Mtoto aliyeletwa kung'olewa jino ndiye aliyemwona amelala ubavu. Akafunga mdomo, akakataa kuufungua.

Nilipofika, Vivian, aliyepigiwa simu kabla yangu, alikuwa tayari na ndoo, anabadilisha maji. Daktari akaagiza siki kutoka hoteli ya jirani, akaimimina kwenye kikombe.

"Fundi, hebu weka mita yako hapa."

Saba. Nikasema huenda siki ni feki. Daktari akanipa kijiko nionje. Haikuwa feki. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka, na yule mtoto akacheka mdomo wazi. Daktari akaliona jino palepale. Huo ndio mchango wangu wote kwa kliniki ile.

Ijumaa, 7 Machi.
Nimerudi kuomba msamaha. Samaki waliobaki wanaogelea chini, wametulia. Kazi amepewa Vivian. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Alinieleza polepole kwamba ncha ikikauka hufa, na ikifa husoma saba popote.

"Si ungeniuliza tu, Wekoye? Ningekupa hata dawa yangu."

Yule samaki alikufa kwa sababu nilitaka kuonekana najua. Nimeapa kubadilika.

Jumamosi, 8 Machi.
Nimebadilika. Mita ya pH nimeitupa, nikanunua nyingine, ya kupima hewa ndani ya maji. Ni mtumba wa soko la Lwakhakha. Jumatatu naenda Tongaren kwa Mzee Kipyegon, mwenye bwawa la samaki elfu mbili, ngege watupu. Muuzaji alisisitiza lazima isahihishwe kwanza. Nikamwambia asijisumbue, namba zake zinaonekana vizuri na haziyumbi hata kidogo.