Plasta ya Begani

Jumatatu, 3 Juni
Wauguzi wamekuja mtaani kuwapima watu wazima homa ya ini B. Vinyozi kwanza, kwa sababu ya nyembe. Safi sana! Mkono Mwepesi, kinyozi wa ng'ambo ya barabara aliyeninyang'anya nusu ya wateja, katolewa damu kabla yangu. Muuguzi hasemi majibu ya mtu. Hakuna shida. Macho ninayo.

Alhamisi, 6 Juni
Siku ya majibu. Nimeng'amua siri: asiye na ugonjwa anachanjwa, anatoka na plasta begani. Mkono Mwepesi katoka bega tupu! Nikawanong'oneza wateja, mmoja mmoja, kwa huruma kabisa. Adhuhuri kiti chake kitupu, kwangu foleni.

Jioni zamu yangu. Muuguzi akafunga mlango, akaniambia taratibu kwamba virusi ninavyo mimi. Nirudi wapime ini. Wembe mpya kwa kila kichwa. Na mke wangu aje apimwe haraka. Nikauliza kama naweza kupewa plasta tu. Akanifungulia mlango.

Ijumaa, 7 Juni
Nimenunua plasta. Nimebandika, nimevaa fulana isiyo na mikono. Mtaa mzima umeona. Mke wangu sijamwambia. Nikimtazama anavyocheka, roho inaniuma.

Jumamosi, 8 Juni
Mke wangu kauliza mbona jana plasta ilikuwa bega la kulia na leo iko kushoto. Nikamweleza yote. Hakupiga kelele. Kavaa viatu, kaenda kutolewa damu.

Jumanne, 11 Juni
Hana! Kachanjwa. Plasta yake ya kweli. Nimelia kama mtoto.

Kisha akaniburuta ng'ambo nikaombe radhi. Kumbe Mkono Mwepesi aliwahi kuupata ugonjwa huo ukubwani, ukaisha wenyewe, sasa ana kinga. Chanjo ya nini? Kanipa pole, kasema atanisindikiza kupima ini. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatatu, 17 Juni
Ini langu halijambo. Nitakuwa napimwa kila baada ya miezi sita. Mkono Mwepesi kanisindikiza kweli, kaninunulia na soda. Mtu mwema sana yule.

Wiki ijayo wanakuja wapima macho. Nimeshawanong'oneza wateja wawili: kinyozi atakayetoka na miwani, wamkimbie. Safari hii hachomoki!

Ila mchana wa leo una giza kidogo. Daftari imebidi nilisogeze hadi mwisho wa meza ndipo herufi zionekane.