Nani Hasikilizi Ofisini?

Jumatatu, 4 Machi
Walter anastaafu. Hatimaye! Kiti chake cha mkuu wa madai kitakuwa wazi, na katika kampuni yetu ya bima ya mvua ya mawe hakuna anayekistahili ila mimi, Vernon. Kikwazo ni Darlene tu. Anachapa kwa vidole viwili, lakini kila Ijumaa huleta donati, na wakulima wa nusu ya jimbo letu la Saskatchewan, hapa Kanada, wanamwita dada. Watu wananunulika kwa sukari!

Jumanne, 5 Machi
Mkurugenzi wetu, Maureen, katundika karatasi kubwa ukutani. Dunia ya kazi inabadilika, anasema, basi tuchague mafunzo ya kuanza nayo. Kila mtu kapewa stika tatu abandike chini ya somo alipendalo. Watu wazima, na ndevu zao, wanabandika stika kama chekechea! Wote wamekimbilia droni za kukagulia mashamba. Bendera fuata upepo.

Mimi nimeona mwanya. Somo la mwisho ni kusikiliza wenzako, na Darlene hukatiza watu kila mara. Likishinda, itajulikana mgonjwa ni nani. Nimenunua boksi zima la stika.

Jumatano, 6 Machi
Nimewahi kazini kuliko mfagiaji. Kusikiliza kumeshinda kwa kura thelathini na nane. Tuko tisa.

Hakuna aliyeuliza! Huku kwetu heri ufe kuliko kumwaibisha mwenzako mbele za watu. Maureen alilengwalengwa na machozi. Akasema hicho ni kilio cha watu walioumia, na kila mmoja amnong'oneze faraghani nani hasikilizi. Nilimtaja Darlene, kwa mifano. Niliongea mpaka Maureen akaanza kutazama dirishani.

Alhamisi, 7 Machi
Maureen kaniita: wote wanane wamenitaja mimi. Njama! Eti Darlene alisema, "Vernon? Maskini, ukimsalimia tu anakujibu kwa hotuba." Mnafiki mkubwa.

Maureen akanipa pole kama mfiwa. Jumatatu niende kozi ya kusikiliza, mji wa Moose Jaw. Nikamkumbusha kwamba usaili wa kiti cha Walter ni siku hiyo hiyo. Akasema anajua, na kwamba kiongozi asiyesikiliza ni redio. Nimeumia, sifichi. Miaka yote hii nimekitaka kiti kile.

Jumatatu, 11 Machi
Moose Jaw. Theluji mpaka magotini, kahawa kama maji ya kuoshea vyombo. Tulipokuwa tukiinywa nikamsimulia sifa zangu mzee mmoja mpole, Neil, mwenye kampuni yake ya bima. Baadaye tukapangwa pamoja: mmoja aseme, mwenzake asikilize, kisha arudie alichosikia. Neil aliongea muda mrefu mno. Nilimvumilia kiungwana, huku nikitunga nitakachosema. Zamu yangu ya kurudia mbele ya wote ilipofika, nikawapa maoni yangu kuhusu uongozi. Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Niliwagusa.

Mchana Maureen akanitumia ujumbe: kiti amepewa Darlene. Sikuweza hata kula. Nikamlalamikia mama mmoja aliyekuwa ameketi karibu nasi kwenye zoezi; akaniambia nisihuzunike, si nimepata kazi nyingine? Kazi gani? Akanitolea macho. Kumbe katika maongezi yake yale marefu Neil alikuwa ananiomba nikawe mkuu wake wa madai, kwa mshahara mnono, na akataka jibu papo hapo. Sasa amempa jamaa wa meza ya pili.

Ndiyo shida ya watu wa siku hizi. Hawajui kuongea!