Mbuzi Aliyekwenda Kanazi

Jumatatu, 3 Julai 1995

Zipu. Sauti hiyo imekaa sikioni mwangu tangu saa nne asubuhi na haitaki kutoka. Nilikuwa barazani kwa Injinia Hamid, nikimfundisha binti yake Lina kuhesabu kwa Kiswahili. Kiti kimoja, viti viwili. Mara kutoka chumbani: zzzzz, ndefu, ikakwama, kisha zzz tena hadi mwisho. Lina, ambaye ana miaka saba na hashangazwi na kitu, akasema mama yake anajaribu sanduku. Wanasafiri tarehe 18. Miezi miwili. Wanakwenda Moroko alikozaliwa baba yake. Kwanza miji ya jangwani, ambako nyumba ni za udongo mwekundu na zimeegemeana. Kisha vijiji vya milimani, ambako bibi yake analala juu na mbuzi wanalala chini, ili joto lao lipande.

Nina miaka ishirini. Nimemaliza kidato cha sita, nangoja matokeo. Naweza kuchora ramani ya Afrika bila kutazama kitabu, pamoja na mito. Nimefika Bukoba tu, na huko nilifungiwa bwenini. Tangu mwaka jana dunia nzima inapita hapa Kasulo: wakimbizi, malori, watu wa mashirika. Hata maji yanasafiri, yanapelekwa kambini kwa magari ya Injinia Hamid. Mimi nimesimama kando ya barabara napokea vumbi.

Nimeamua. Nakwenda Moroko nao. Mtoto anahitaji mtu wa kumshika mkono.

Sitaomba. Nikiomba, wanaweza kukataa. Wakinialika wenyewe hawatakuwa na pa kurudi.

Jumanne, 4 Julai

Kuna kikwazo, jina lake Dafroza. Ni mpishi wa Injinia, anaimba sauti ya pili kwaya moja na Mama, na leo kaja na sweta la mtumba kutoka soko la kambini. Zito. La shingo ndefu. Julai, saa sita mchana. Nikamuuliza kama ana homa. Akasema anajiandaa tu. Nikauliza anajiandaa na nini. Akasema, mdogo wangu, kila mtu na mipango yake, akaendelea kumenya viazi huku anatabasamu.

Milimani kuna baridi. Mwanamke huyu amefanya uchunguzi.

Jioni nikamdokeza Bi Samira, mke wa Injinia, kwamba Dafroza hutapika akipanda gari. Si uongo. Alitapika mwaka 1989, kwenye lori la parokia. Bi Samira akaingiwa na huruma, akampa tangawizi na siku nzima ya mapumziko.

Kwa hiyo kesho viazi namenya mimi.

Alhamisi, 6 Julai

Nimeanza Kifaransa. Mwalimu wangu ni Manirakiza, mkimbizi kutoka Burundi, aliyekuwa akifundisha hesabu kwao. Tumekubaliana: ananipa saa moja ya Kifaransa, nampa saa moja ya Kiswahili, maana wauza dagaa wanampunja kwa ufasaha. Tulikaa nje ya turubai lake la bluu. Nikamwomba maneno ya jangwa, mlima, ngamia, na sentensi hii: Msiwe na wasiwasi, mtoto yuko nami.

Akauliza nataka kwenda wapi. Nikamwambia. Kisha akasema yeye amevuka milima na familia yake, siku tisa, bila sanduku, na hakumbuki kijiji hata kimoja. Akaniuliza nani ananifukuza hapa. Nikasema hakuna. Akasema basi hebu nimweleze vizuri, kwa Kiswahili, apate mazoezi.

Nikauliza wingi wa ngamia.

Ijumaa, 7 Julai

Mazoezi ya jangwa. Saa sita kamili nilikwenda kwenye machimbo ya changarawe kando ya barabara ya kambini. Hakuna mti wala maji. Nikajifunika khanga kichwani kama watu wa kule nilivyowaona kwenye picha za Lina, nikakaa chini. Lengo: masaa matatu.

Dakika ya arobaini wakapita kina mama wanne na madumu. Wakaniona. Wakashusha madumu. Mmoja akanishika paji la uso, akasema kwa Kirundi jambo lenye neno maskini ndani yake. Kihangaza chetu na Kirundi ni ndugu, nilielewa yote: wanadhani nimevuka mpaka jana. Nikasema mimi ni wa hapa hapa. Wakatazamana kwa huzuni, wakasema jua limeniingia kichwani. Wakaninywesha maji. Wakaninyanyua kwapani, wawili huku na wawili huku, hadi kwenye foleni ya kuandikisha wakimbizi.

Nilikuwa nimeshapewa blanketi pale Manirakiza alipopita. Karani alikuwa ananiuliza tuko wangapi kwenye familia. Manirakiza akaeleza kwamba huyu ni mwanafunzi wake, nyumbani kwao ni pale kwenye migomba, paa la bati. Karani akatazama lile paa, akanitazama mimi, akaomba blanketi lake.

Njia nzima Manirakiza alijizuia kucheka. Hakufaulu.

Jumapili, 9 Julai

Habari kubwa. Lina amechora safari. Gari, jua, nyumba nyekundu, milima. Ndani ya gari kuna vichwa vinne. Nimehesabu mara tatu. Baba ana miwani. Mama ana kitambaa. Lina amejichora mkubwa kuliko wote. Na nyuma kabisa, kichwa cha nne. Shingo ndefu, nywele fupi. Nina shingo ndefu. Nina nywele fupi.

Sikumuuliza ni nani. Hakukuwa na haja.

Kilichobaki ni kuwafunga wazazi wake wasibadili mawazo. Kwetu kuna njia. Mtu akikupa mnyama aliye hai, hujapewa nyama, umefungwa. Unamfuga, anazaa, na siku moja lazima umrudishie mtoaji kitu chenye uzito ule ule au zaidi. Babu alipewa ndama na mtu wa Kanazi. Mambo yakaenda, yakarudi, mwisho shangazi yangu akaolewa huko huko Kanazi. Wakati familia inafunga masanduku, kitu cha uzito wa mbuzi ni nini kama si kiti kimoja ndani ya gari?

Mbuzi ninaye. Yaani Mama anaye. Jike, baka jeupe pajini, sikio la kushoto limekatwa ncha kama alama. Mama anampenda kuliko baadhi yetu.

Jumatano, 12 Julai

Limefanyika. Nilimwambia Mama kwamba shangazi wa Kanazi ana majani mengi kiangazi hiki, na mbuzi atanenepa huko. Mama akasema kweli, kwetu majani yamekwisha, mpeleke.

Nikampeleka hatua mia tatu, kwa Injinia.

Sikutoa hotuba, zawadi inajieleza. Nilisema tu: wa Lina, kwa ajili ya safari. Injinia aliweka mkono kifuani na kuinama. Bi Samira alifuta machozi. Walielewa. Nimewahi kusoma barua za mapenzi zisizoeleweka wazi kama mbuzi huyu.

Dafroza alitoka jikoni, akamtazama mbuzi, akatazama sikio lake, akanitazama mimi. Akauliza Mama hajambo. Nikasema hajambo. Akasema haya.

Wivu.

Ijumaa, 14 Julai

Tumealikwa kesho mchana. Mimi na wazazi wangu wote wawili, alisisitiza Injinia, ana neno rasmi la kusema.

Naijua hatua hii. Hawawezi kumchukua binti wa watu bila kuwaomba wazazi. Nimemwomba Manirakiza aje kama mkalimani, maana mambo ya aina hii hayafai kuharibika katikati. Akauliza kama nimezungumza nao. Nikamwambia mambo mengine hayazungumzwi. Akauliza kama nina pasipoti. Mtu huyu anapenda kuchimba visivyo na maana.

Nimeazima begi la Baba, lenye zipu. Nimelifunga mara mbili kwa ajili ya sauti. Nitalificha nyuma ya tenki lao la maji, ili wakisema neno lao, niwe tayari.

Jumamosi, 15 Julai

Niandike kwa utaratibu.

Mama alivaa kitenge cha kanisani. Baba alivaa koti. Tukapiga hodi, tukakaribishwa kwenye mikeka. Lina akawaamkia shikamoo wote wawili bila kukosea, kazi yangu hiyo. Kisha Dafroza akaleta chungu kikubwa, amevaa sweta lile lile, jasho linamtiririka.

Nyama. Laini, imepikwa na vitunguu na ndizi mbivu. Mama alionja, akafumba macho. Akasema hajawahi kula nyama kama hii tangu aolewe. Akamwambia Baba ajaribu mbavu. Akamuuliza Dafroza mbuzi mzuri hivi wamempata soko gani. Dafroza akasema maji ya kunawa yako nyuma, Mama Adelfina, karibu.

Hapo ndipo nilianza kufikiri. Nilichelewa.

Mama alikwenda nyuma kunawa. Nyuma kuna tenki. Pembeni ya tenki, imewambwa juani, ngozi yenye baka jeupe na sikio lililokatwa ncha. Chini ya ngozi, begi la mumewe.

Akarudi. Akakaa. Akavuta sahani, akapakua tena, akajaza. Akatafuna taratibu. Kisha akaniinamia, akauliza kwa Kihangaza, kwa sauti ya upole sana, kama majani ya Kanazi bado ni mabichi.

Nikasema nadhani.

Injinia akasimama. Manirakiza akatafsiri, na sauti yake ilikuwa inatetemeka, nadhani kwa kicheko. Kijijini kwa bibi yake Lina, milimani, wasafiri wakiletewa mbuzi, mbuzi huyo huchinjwa, na mtoaji huja na jamaa zake wale pamoja, ndipo njia inakuwa njema. Na yule aliyemleta mbuzi ndiye anayebaki. Maana yake ni: nendeni, mlango wenu ninao mimi. Ni heshima ambayo kwa kawaida hupewa mzee. Hawakutegemea kuipata hapa ugenini, tena kwa msichana. Akatoa ufunguo wa nyumba, umefungwa utepe mwekundu, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Baba akapiga makofi. Mama naye akapiga makofi, huku anatafuna.

Nikamuuliza Lina, kwa Kifaransa changu, basi kichwa cha nne kwenye gari ni nani. Akasema ngamia.

Jumatatu, 17 Julai

Dafroza amesema kila kitu. Jana baada ya misa alimweleza Bi Samira mbuzi alikuwa wa nani. Bi Samira karibu azimie. Leo asubuhi gari la maji limesimama mbele ya nyumba yetu na kushusha mbuzi wawili, majike, mmoja ana mimba. Injinia alimwomba Mama radhi mara tatu. Mama alikubali mara ya tatu.

Nilimkabili Dafroza jikoni. Nikamwambia sasa ajisikie vizuri, aende zake Moroko. Akacheka hadi akakaa juu ya debe. Yeye aende Moroko kufanya nini? Tiketi ni tatu, zilinunuliwa Machi, alizipangusa vumbi mwenyewe pale kabatini. Yeye anakwenda Lusahunga kwa dada yake, watauza chai na maandazi kwa madereva wa malori kuanzia saa kumi alfajiri, na alfajiri kule ni baridi. Ndiyo sweta. Bi Samira amempa na masufuria.

Akasema ungeniuliza, Adelfina. Siku ya kwanza ungeniuliza.

Watu wanapenda sana neno hilo.

Jumanne, 18 Julai

Wameondoka. Lina alinipa mchoro wake. Alikuwa ameongeza mtu mmoja, nje ya gari, mlangoni, ana ufunguo mkubwa kuliko kichwa. Amenichora vizuri. Shingo ni yenyewe.

Sikulia. Vumbi lilikuwa jingi.

Mama amenidai begi la Baba. Ndani alikuta sweta langu la shule na kamusi. Akakunja sweta, akaniuliza kama kweli ningekwenda bila kumuaga. Nikasema ningemwandikia. Akanipiga kofi la begani, dogo, kisha akanipa uji.

Alhamisi, 27 Julai

Nyumba ya pili kutoka kwa Injinia imepata wageni. Daktari mmoja na mkewe na mtoto wa miaka mitano, wanatoka Peru. Nimefungua atlasi. Pwani ya Peru ni jangwa, ina miji. Nyuma ya jangwa kuna milima, ina vijiji. Mkataba wao ni miezi sita, halafu lazima warudi.

Nimetafakari kwa utulivu makosa ya mara ya kwanza. Nimeyaona mawili. Nilimtoa mbuzi kwa watu wanaotoka kwenye milima ya Moroko, na nilimtoa karibu mno na safari. Milima ya Peru iko mbali sana na ile, hawawezi kuwa na desturi moja. Na ikumbukwe kwamba mbuzi mmoja alirudi wawili. Kwa hiyo njia yenyewe inafanya kazi, ila malipo yalimfikia mtu mwingine.

Manirakiza alinishauri niende tu kubisha hodi niwaulize kama wanahitaji mtu wa kumfundisha mtoto. Nikamshukuru. Nikamuuliza kama anajua Kihispania.

Nimewapelekea mbuzi leo asubuhi, yule asiye na mimba. Daktari alifurahi sana na kuuliza anakula nini. Nikarudi nyumbani, nikamwambia Mama kwamba nimeonelea mbuzi mmoja akapumzike kwa shangazi Kanazi, majani ya huko yamestawi tena.

Mama alinitazama. Aliingia ndani, akatoka na kitenge chake cha kanisani, kile alichovaa kwa Injinia, akaanza kukifua.

Sijui kwa nini, na leo ni Alhamisi.