Kidonge Kilichoondoka Kituo Chake cha Kazi

Kwa niaba ya Kamati Maalumu ya Kuzuia Dawa Kufanya Kazi Isiyo Yake, ambayo mimi ndiye katibu wake wa kudumu, natoa taarifa rasmi kwamba nidhamu imerejea katika makabati yote ya dawa. Wapo wanaolalamika kwamba watu waliendelea kukohoa. Kukohoa hakukuwemo kwenye ajenda.

Mambo yalianza siku daktari wa mapafu alipoingia ofisini kwetu na faili kwapani. Ni mwanamke mfupi, wa sauti ya chini, asiyejua kuzungusha maneno. Alisema wodi yake imejaa wagonjwa wa nimonia ambao bakteria wao wamekuwa sugu. Kila antibayotiki anayowapa, bakteria wanaichezea tu. Kusubiri dawa mpya ni kusubiri miaka. Ila alikuwa amekigundua kidonge kimoja cha zamani, cha maumivu ya viungo, kilichojaa tele kwenye stoo. Maabarani alikichanganya na antibayotiki ileile iliyoshindwa, na bakteria wakalegea, wakafa.

"Naomba kibali niwajaribie wagonjwa, kwa uangalizi," alisema.

Mkurugenzi, ambaye ndiye mwenyekiti wetu, alikishika kidonge kwa ncha za vidole.

"Huyu ameajiriwa wapi?"

"Kwenye magoti, mheshimiwa. Na viwiko."

"Barua yake ya uhamisho iko wapi?"

Daktari alidhani ni utani. Alicheka, akajikuta anacheka peke yake, akaacha.

Kamati haimhukumu mtu bila kumsikiliza. Tulimwekea kidonge kiti, na juu ya kiti kisahani, ili aonekane. Naibu Mkurugenzi alimuuliza maswali tisa, likiwemo la kwa nini anataka kuyatelekeza magoti baada ya miaka arobaini ya utumishi. Kidonge alinyamaza. Niliandika kwenye kumbukumbu: "Msailiwa hakuonyesha ushirikiano." Ikaamuliwa abaki magotini hadi hapo itakapoelekezwa vinginevyo.

"Na mgonjwa wangu wa kitanda cha sita?" daktari aliuliza.

"Mweleze kwamba dawa ni ya magoti," Mkurugenzi alisema kwa upole. "Ataelewa. Wananchi wetu ni waelewa."

Mgonjwa wa kitanda cha sita alikuwa shangazi yangu. Ni fundi cherehani, na ndiye aliyenilea tangu nina miaka minne. Sare zangu zote za shule zilitoka mikononi mwake. Jioni ile nilikwenda kumsomea uamuzi wa kamati. Alikuwa amekonda hadi shingo imerefuka, na kila neno lilimtoka kwa pumzi mbili.

"Mwanangu," alisema nilipomaliza, "umesema dawa ya nini?"

"Ya magoti, shangazi."

"Mbona mimi magoti yananiuma?"

Daktari alikuwa kitanda cha jirani. Aligeuka taratibu.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu nianze kukanyaga cherehani. La kushoto zaidi."

Daktari aliyapima magoti yale kwa umakini ambao sijawahi kuuona hospitali yoyote. Kisha akaandika dawa.

Siku ya kumi na mbili nilimkuta shangazi ameketi, anamshonea muuguzi kifungo na kumsema kwa kukichezea mpaka kikang'oka. Niliomba ruhusa, nikaenda kwenye choo cha wodi, nikalia kwa kwikwi. Halafu nikarudi ofisini, nikamwandikia hati ya kuitwa mbele ya kamati kwa kosa la kupona bila kibali. Kazi ni kazi.

Alikuja kwa miguu yake.

"Unakiri kwamba umepona mapafu?" Mkurugenzi aliuliza.

"Nakiri, mwanangu."

"Kwa kidonge cha magoti?"

"Ndiyo. Magoti yenyewe bado bado."

"Kwa hiyo kidonge kilipewa magoti, kikaenda kwenye mapafu bila kuaga."

"Mimi nilimeza tu," shangazi alisema. "Alikoelekea sikumfuata."

Mkurugenzi alinyanyua mkono agonge meza, lakini kikohozi kikamwahi. Alikohoa mpaka miwani ikamdondoka. Kesho yake alilazwa. Antibayotiki ya kwanza ikashindwa, ya pili ikashindwa, na hadi ya tatu inashindwa alikuwa anaongea kwa ishara. Walimpa kitanda cha sita.

Kamati ilimtembelea kwa pamoja.

"Nipeni kile kidonge," alinong'ona.

"Bado yuko magotini, mheshimiwa," Naibu alijibu kwa masikitiko. "Labda tumsaili upya."

"Msailini leo."

"Kikao hakikai bila mwenyekiti, na mgonjwa haruhusiwi kuongoza kikao. Ni waraka wako." Akautoa mfukoni, akamsomea wote, pamoja na viambatanisho.

Mkurugenzi alifumba macho. Chozi moja lilimtoka, likaingia sikioni. Daktari akainama karibu yake.

"Mheshimiwa, magoti yanakuuma?"

Huyu ni mtu anayezunguka uwanja mbio kila asubuhi, na kila mgeni huambiwa idadi ya mizunguko.

"Sana," alisema.

"Lipi zaidi?"

Alibabaika. Shangazi, aliyemletea foronya aliyoishona mwenyewe, alijipapasa goti lake la kushoto kama anayefukuza nzi.

"La kushoto," Mkurugenzi alisema.

Akapona. Lakini Naibu, ambaye sasa alikuwa Kaimu, alilisoma faili lake la matibabu, akabaini kwamba mtumishi mwenye goti bovu hastahili ofisi ya ghorofa ya tatu. Mkurugenzi akahamishiwa dawati la mapokezi, chini, karibu na mlango unaovuma upepo.

Wiki ya pili daktari alikuja tena na faili: wagonjwa kumi na wanane, wote mapafu, na wengi wao magoti yao hayana kasoro hata ya kusingizia. Mkurugenzi alilipokea, akalisoma akiwa amesimama. Halafu akapanda nalo ngazi mbilimbili. Mimi na daktari tulimfuata tukihema.

Kaimu aliinua macho.

"Umepanda kwa magoti gani?"

Mkurugenzi aliona mtego. Yakiwa mazima, alidanganya ili apate dawa. Yakiwa mabovu, hakupaswa kufika pale. Alitazama ngazi, akanitazama mimi, akaketi sakafuni polepole.

"Yameanza sasa hivi," alisema. "Nishusheni."

Kaimu alifungua kinywa atamke adhabu, na kilichotoka ni kikohozi. Kidogo, kikavu. Akakimeza. Kikatoka kingine, kikubwa kuliko cha kwanza.

"Hicho kina siku ngapi?" daktari aliuliza.

Kaimu alilivuta faili, akaanza kutia saini ukurasa baada ya ukurasa, kila palipokuwa na mstari mtupu, pamoja na ule wa jina la mgonjwa.