Maradhi Niliyojiandikia

Jumatatu, 3 Machi 1986
Fomu ya msaada wa karo nimeipata. Chuo cha ualimu kimekubali kunirudisha Mei, mradi nilipe. Mwisho wa fomu ni Ijumaa. Swali la tisa: kwa nini uliacha masomo? Kweli ni kwamba Baba alivunjika mguu, nikarudi kwetu Barani kumuuguza. Sababu dhaifu. Kila mtu ana baba. Nimeandika kifua kikuu.

Jumanne, 4 Machi
Nimepeleka fomu. Kwenye foleni nimemkuta Phineas wa Jilore, tuliyesoma darasa moja. Nikachungulia yake. Mstari mmoja tu: mahindi yalikauka, karo ikakosekana. Nilimhurumia. Mbele ya Bi Nyaboke, karani, nilikohoa mara tatu. Alisogeza kiti nyuma.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Bwana Afya amebisha hodi na daftari. Asema jina langu amelipata ofisi ya msaada, na nyumba nzima ikapimwe. Mama aliniuliza polepole nimemficha tangu lini. Akanitengea kikombe changu peke yangu, kisha akaingia jikoni kulia.

Alhamisi, 6 Machi
Tumepimwa wote watano, hata Bibi. Daktari asema kifua changu kizima kama cha punda, tena hakijapata kuugua. Mama alishukuru Mungu, kisha akanigeukia. Nikasema yote. Hakunigombeza, na hilo liliuma zaidi. Alisema niende kwa Bi Nyaboke nikaseme vivyo hivyo, kabla Baba hajausikia uongo wangu kwa watu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda, nikakiri kwamba sijapata kuugua. Bi Nyaboke alisema chuo kikijua, jina langu litafutwa moja kwa moja. Akauliza hasa niliacha kwa nini. Nikamweleza. Akasema waliouguza wazazi ndio wanaotazamwa kwanza, na hata Phineas, kwa mstari wake mmoja, amekwisha kupewa msaada. Akanipa fomu mpya, niirudishe kabla ya saa kumi. Kesho mtu wa kamati atakuja kuthibitisha.

Jumamosi, 8 Machi
Fomu niliiwahisha. Nimeandika kweli, ila mguu mmoja niliuona haba. Nikaandika yote miwili, na kwamba Baba hajasimama hadi leo. Mtu wa kamati amefika asubuhi hii. Baba ndiye aliyemfungulia mlango, akamkaribisha, kisha akatoka mbio kumtafutia kahawa. Nimejifungia chumbani. Mgeni ananiita kwa jina. Nitamwambia yule ni ami yangu, pacha wa Baba.