Reli ya Pazia Ndani ya Pijo

Jumatatu, 4 Agosti
Pijo 404, gari la marehemu baba, imenguruma leo! Imelala nyuma ya nyumba yetu hapa Migori tangu nilipokuwa darasa la tatu, kuku wakitagia ndani. Sasa ina injini, ina rangi. Imebaki chaneli za madirisha tu, ile mifereji yenye kitambaa ambamo kioo hupanda na kushuka. Kitu kidogo.

Jumamosi Mama Priscah anakwenda Homa Bay kwa kumbukumbu ya dada yake. Nitampeleka mimi. Binti yake Lynnet ameniambia wazi kuwa mama ndiye atakayesema nani alete wazee nyumbani kumposa: mimi au Chrispine. Chrispine anaendesha Probox, kigari cha kubebea mizigo. Mwanamume mzima, Probox!

Jumatano, 6 Agosti
Nimekwenda kwa Gisiri, fundi wa vioo. Amesema chaneli za 404 huagizwa Nairobi, nisubiri. Eti kioo kisipokaa kwenye chaneli yake kitaangukia ndani ya mlango na kubana kitasa. Mafundi hupenda kutisha watu. Nimemshukuru nikaondoka.

Halafu nikafikiri. Chaneli ni nini? Ni chuma chenye mfereji. Reli ya pazia ni nini? Chuma chenye mfereji! Dada yangu Phanice anayo sebuleni.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimekata reli. Ndani nimegundisha vipande vya kofia ya baba, ile nene ya kuendea mazishi. Kioo cha nyuma kushoto kimepanda. Kimeshuka. Kimepanda tena, kikilia kidogo. Mlango wa nyuma kulia hauna kitasa, nimeufunga kwa waya. Abiria mmoja, mlango mmoja. Phanice ameuliza kwa nini mapazia yako sakafuni na majirani wanamtazama akila ugali. Nimemwambia wezi wa siku hizi hawana adabu.

Jioni nimempigia Mama Priscah. Nimemwita maro, yaani mama mkwe. Ameuliza tangu lini. Nikamwambia mimi ni mtu wa mila: simpi mkono, simkaribii, yeye atakaa nyuma na mimi mbele. Chrispine humsalimia kwa mikono miwili kama muuza samaki. Hapo nimemshinda.

Jumamosi, 9 Agosti
Aibu. Aibu tupu.

Tulianza vizuri. Mama nyuma, mimi mbele, hakuna kuongea, heshima tele. Karibu na Rodi Kopany nikaruka tuta. Kioo chake kikaanguka ndani ya mlango, kwaa! Nikasema ni upepo mzuri.

Tukafika. Hema limejaa watu. Mlango haufunguki. Kwa ndani haufunguki, kwa nje haufunguki. Nikamwomba Mama apande mbele atokee mlango wangu. Akakataa: hawezi kupita juu ya kiti cha mkwe mbele ya ukoo mzima. Wazee wakasema basi avutwe kupitia dirishani. Nikanyoosha mikono. Mama akaniangalia.

“Cephas, si ulisema wewe ni mkwe?”

Nilisema. Nikarudisha mikono mfukoni.

Ndipo akatokea Chrispine, amebeba kreti ya soda. Akaiweka chini. Akasema kwa upole kwamba yeye bado hajajiita kitu chochote. Akamshika Mama kwapani, akavuta. Mama akatoka polepole, na vipande vya kofia ya baba vimemganda mgongoni. Hema zima likapiga makofi. Hata mchungaji.

Jumapili, 10 Agosti
Habari njema! Jana Mama alimshukuru Chrispine mbele ya watu, akasema kuanzia sasa huyu ni mwanangu. Mwanangu! Basi Lynnet ni dada yake, na dada haolewi na kakake. Chrispine amejimaliza mwenyewe.

Nimempigia Lynnet kumfafanulia. Ameniacha nimalize. Kisha akasema wazee wa Chrispine wanakuja Disemba, na Mama ndiye aliyechagua tarehe. Nikamkumbusha kuwa mkwe ni mimi.

“Hakuna aliyekuita mkwe, Cephas. Ulijiita.”

Imeniuma. Nampenda Lynnet, na hilo si mpango wala ujanja. Nimeingia ndani ya Pijo nikalia, lakini kwa kuwa dirisha halifungi, Phanice amesikia yote. Ameniletea chai. Akauliza reli yake iko wapi.

Jumanne, 12 Agosti
Nimepona. Nimekaa nikachunguza kosa langu kwa makini, na nimelipata: lilikuwa la gari. Gari hili linategemea milango mno. Nitakata shimo kwenye paa, mama mkwe yeyote apande atokee juu bila kuguswa na mtu. Bati la choo cha Phanice lina upana unaofaa kwa mfuniko.

Halafu nimeambiwa kuna mjane mmoja Kegonga, Mama Susana, ana binti mwalimu. Sijawaona bado. Nimepata namba, nimempigia mama huyo asubuhi hii hii, nikamwita mama mkwe. Amekata simu papo hapo. Nimefurahi sana. Huyu anajua kukaa mbali na mkwe wake.