Maji ya Mwambani Kule Gatsata

Leo nimechekesha machimbo mazima ya kokoto. Mimi, mtu mzima, mwenye shahada ya miamba!

Mnajua nilikuja Kigali kwa kazi ya majaribio ya miezi mitatu. Leo ilikuwa siku ya mwisho. Bosi wangu, Madamu Solange (Mnyarwanda aliyekulia Bukoba, Kiswahili chake kinanishinda mimi Mtanzania), alikuja mwenyewe machimboni, juu ya kilima cha Gatsata, aone kama nafaa kuajiriwa.

Kazi yenyewe si ngumu. Tumetoboa shimo kwenye mwamba, tukatia bomba jembamba lenye kifuniko. Napima maji yako chini kiasi gani, ili wenye machimbo wajue wachimbe hadi wapi.

Nilifika mapema. Ukungu ulikuwa bado umejaa bondeni, vilima vinaelea. Nikakaa kando ya bomba nikiwaza maji yanavyotembea huko gizani, polepole, ufa hadi ufa, bila kuharakishwa na mtu. Raha iliyoje! Nikasinzia kidogo. (Ndiyo, kazini. Nihukumuni tu.)

Madamu akafika. Nikateremsha kipimo. Wiki iliyopita maji yalikuwa mita kumi na moja chini. Leo mita sita!

"Yamepanda, Madamu! Mwamba una nyufa. Mvua ya kilima kizima inapita humu."

Nikavuta maji kwa chupa ya sampuli. Juu yaling'aa rangi rangi, mazuri ajabu. Nilihisi mapenzi, siwafichi.

"Hayo ni madini," nikasema. Nikachovya kidole, nikaonja. (Hakuna aliyeniomba.) "Yana chumvi. Haya yamelala na mwamba miaka elfu."

"Mvua ya juzi au miaka elfu? Chagua moja, Athumani."

Kisha akachomoa kalamu, akaichovya ndani ya chupa, akaopoa harage. Limeiva vizuri kabisa.

Mama Keza, anayewapikia wachimbaji, akaja mbio na mwiko mkononi. "Mbabarira, enjenia, unisamehe! Ni mimi. Tangu jana asubuhi namwanga maji ya kuosha sufuria ya maharage pale. Kumwanga ovyo chini iko kosa, si unajua usafi wa Kigali? Na ile bomba iko na kifuniko muzuri!"

Nyundo zote zikanyamaza. Mchimbaji mmoja alicheka hadi akakaa chini. Nilitamani lile bomba liwe pana kidogo, niingie.

Madamu hakucheka. Alimgeukia Mama Keza. "Tangu jana asubuhi?"

"Ndiyo, Madamu."

"Na bado yako mita sita. Basi mwamba hauna nyufa, Athumani. Maji ya maharage yamekosa pa kwenda." Hapo ndipo alipoangua kicheko, akafuta machozi kwa kitambaa. "Andika hivyo hivyo."

Kazi nimepata. Mkataba tumesaini juu ya boneti ya gari lake. Lakini kwenye ripoti, penye jina la aliyefanya jaribio la kumwaga maji, kaamuru liandikwe la Mama Keza.

Mimi nimeandikwa mwonjaji.